Kikombe Juu ya Nguzo ya Geti

Turffontein, Johannesburg
9 Machi 2025

Kwako Kaka Nicodemus,

Kasinge waitu. Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na Mama Octavian, na kila anayeota moto jikoni kwenu. Octavian alimwambia Suzan wangu kwamba masikio yako sasa yameziba kabisa, hata kengele ya kanisa huisikii. Pole sana kaka. Basi simu imekufa kati yetu, na mambo yangu sitaki yapitie kwenye simu ya mwanao, ayasome kabla yako. Ndiyo maana nimerudia kalamu. Barua anakuletea Bakiri, mtu wa Muleba anayefuata vipuri vya magari huku kwetu. Mpe chai, ana safari ndefu.

Sisi hatujambo. Suzan bado yuko benki kule Sandton, anatoka alfajiri. Mwanawe Chloé ana miaka tisa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimwuliza jambo anakujibu kwa Kizulu, na ukimgombeza anakujibu kwa Kiingereza. Mvua zinaelekea kwisha. Jumamosi nikiwa jikoni nasikia watu wakipiga kelele kule kwenye uwanja wa mashindano ya farasi. Nimekaa karibu na farasi miaka yote hii na sijamgusa hata mmoja. Mimi mwenyewe napumzika nyumbani tangu Januari, uchovu tu wa umri.

Sasa jambo lenyewe, nisikuzungushe. Kaka, nataka kurudi nyumbani. Sisemi kutembea, nasema kurudi. Mthunzi wangu alipofariki walimpeleka kwao Eastern Cape, wakamlaza karibu na mke wake wa kwanza, na mimi nilisimama nyuma pamoja na majirani. Sikulalamika, ndivyo ilivyo kwao. Lakini pale hapana nafasi yangu, na kwenye makaburi ya hapa mjini sina ninayemjua. Siku yangu ikifika nataka nilale kwenye kibanja cha Baba, chini ya migomba, upande wa Mama. Na kabla ya hapo nataka nipite kwenye lile geti kwa miguu yangu mwenyewe.

Sijasahau kilichosemwa. Mwaka 1992 nilifuatana na Mthunzi kutoka kambini Mazimbu, nilikokuwa nauguza wakimbizi wa kwao, tukaja kwao bila ndoa ya kanisa wala mahari, na Suzan yuko tumboni. Binti wa katekista! Baba akasema nisipite tena getini kwake. Lakini Baba hayupo, na aliyeachiwa nyumba ni wewe. Neno ni lako. Naomba unijibu hilo.

Halafu nikupe kioja. Unaikumbuka Sinema ya Geti? Ile ya Padre Théodore, aliyotuonyesha kila mwaka baada ya Pasaka kwa sababu hakuwa na nyingine? Suzan ameipata mtandaoni. Kumbe haikuwa hata sinema, ni kipande kimoja tu cha mchezo wa makauboi uliokuwa ukionyeshwa kwenye televisheni Marekani kila wiki, zamani hizo. Ni yote, kaka, hata kupita pale tulipokatikiwa, kule ambako mkanda wa Padre ulikuwa haufiki. Na chini yake watazamaji wameandika maoni, watu wa kila nchi, wanabishana utadhani kesi ya mpaka wa shamba.

Kwa hiyo mwisho nimeuona. Lakini sikuandikii. Nijibu la kwanza, nami nitakujibu la pili.

Mdogo wako,
Leonida


Kamachumu
4 Mei 2025

Mdogo wangu Leonida,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilinifikia katika juma la Pasaka. Bakiri aliifunga pamoja na vipuri vyake, ikawa inanuka oili, lakini maandishi yako yamesalimika, na bado unaandika kama uliyeandikishwa na Baba. Mama Octavian anakusalimu. Goti lake linamsumbua. Migomba ya upande wa chini imeingiwa na ule mnyauko, tumeing'oa mingi. Paroko amepiga bati jipya. Wanasema mvua ikinyesha kanisani hakusikiki kitu, nami nikawaambia karibuni kwangu.

Masikio ni kweli yamekwisha. Watu wananisalimu nami naitikia kwa kukisia. Majuzi mtu alinipa habari ya msiba kwao, nikamjibu, nashukuru, nawe pia. Mama Octavian alitaka ardhi immeze. Sasa nimeanza kujifunza kutazama midomo, na nimegundua watu wengi wanasema mambo machache sana.

Umenikumbusha mbali. Nimekaa siku kadhaa nikiiona ile shuka iliyotundikwa ukutani kwa shule, na jenereta la Padre likikohoa nyuma yetu. Wewe na mimi mkeka mmoja, mbele kabisa, maana tulikuwa watoto wa katekista. Na Baba amesimama kando ya shuka na fimbo yake, akitufasiria. Kiingereza chenyewe alikuwa hakijui zaidi ya kusalimu, lakini nani angemwuliza?

Niliihifadhi yote. Ndugu wawili wa Marekani. Mdogo aliondoka nyumbani kwa hasira, baba yao akafa nyuma yake, naye anarudi juu ya farasi, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkubwa amesimama getini, bunduki mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono wa pili. Wanatazamana. Kisha mkubwa anakiweka kikombe juu ya nguzo ya geti, na hapo hapo mkanda unakatika, shuka inakuwa nyeupe. Kila mwaka pale pale. Na kila mwaka Baba alinyanyua fimbo akatusemea maneno ya yule mkubwa: "Ingia, ndugu yangu. Kahawa ya baba yetu bado ni ya moto." Tukapiga makofi tukaenda kulala. Nani kwetu angeweza kuelewa vinginevyo? Mtu akikutolea kahawa mlangoni kwake, iwe ya kunywa, iwe akamwani ya kutafuna, amekwisha kukupokea. Huwezi kumtolea mtu kahawa ukamfukuza.

Kuhusu lile jambo lako la kwanza, hilo ni la ukoo, halijibiwi kwa barua. Unajua Baba alisema nini na alisema mbele ya nani. Mimi niliachiwa nyumba, sikuachiwa kauli yake niibadilishe. Tumwombe Mungu.

Nimeandika mengi. Mwisho wa sinema ukoje? Mimi nimeishi maisha yangu yote nikijua kwamba aliingia.

Ni mimi kaka yako,
Nicodemus


Turffontein
15 Juni 2025

Kaka Nicodemus,

Salamu nyingi. Mpe Mama Octavian pole ya goti, mwambie asilikande kwa maji ya moto likiwa limevimba. Hapa baridi imeingia, nyasi zote zimekauka zimekuwa rangi ya simba, na ukitoka asubuhi pumzi inatoka kama moshi wa jikoni. Jirani yangu Mkongo, Mama Shekinah, anayesuka nywele pale karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ananiletea supu kila Jumatano na kunikalipia kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba sili. Suzan hajambo.

Barua yako imenikera, kaka. Nakwambia waziwazi kwa kuwa tumezeeka. Unaniuliza mwisho wa sinema na hujanijibu mwisho wangu mimi. Lakini kwa kuwa umeutaka, haya, shika.

Hakuna "ingia". Yule mkubwa hatamki neno. Anakiweka kikombe juu ya nguzo, halafu anaishika bunduki kwa mikono miwili. Mdogo anakitazama kikombe, anaitazama bunduki, anamtazama nduguye usoni. Upepo tu ndio unaosikika. Kisha anageuza farasi anaondoka. Picha ya mwisho ni kikombe kiko juu ya nguzo, mvuke unatoka, halafu mvuke hautoki tena. Ndiyo imekwisha. Baba alituongopea, kaka, miaka yote ile, mbele ya parokia nzima na fimbo mkononi.

Watazamaji wenyewe hawajapatana. Kuna mzee wa Texas anasema ni ujinga kubishana, kikombe kiliwekwa chini kwa sababu mtu hawezi kulenga bunduki huku ameshika kikombe. Kuna mama mmoja anasema hapana, kile ni karibisho, mwanamume mwenye kiburi hana namna nyingine ya kuomba. Mwingine anasema mchezaji alichoka mkono, msitafute maana pasipo na maana. Na mmoja ameandika kwamba mwenye akili pale ni farasi peke yake. Wamebishana miaka na miaka, wengine mpaka wametukanana mama zao.

Mimi niko na yule wa Texas. Na unajua kwa nini niko naye.

Mwaka 2004 Baba alipofariki nilipata habari nimechelewa, nikapanda ndege ya mkopo, nikafika Kamachumu mmekwisha kuzika. Wewe ulikuwa umesimama getini, wazee wa ukoo nyuma yako. Ukalishika geti kwa mikono miwili. Hukusema ingia, hukusema ondoka. Nilisimama na begi langu mpaka matone ya mvua yakaanza kuanguka, kisha nikageuka. Kaburi la baba yangu sikuliona. Nililia mpaka Bukoba mjini, na dereva wa teksi akakataa nauli yangu kwa huruma. Mgeni alinihurumia, kaka.

Basi usiniambie jambo halijibiwi kwa barua. Getini pia hukunijibu.

Leonida


Kamachumu
20 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo. Kiangazi kimekuwa kikali na kahawa tumekwisha kuchuma. Goti la Mama Octavian limepungua, amelifuata agizo lako. Barua hii imechelewa kwa kosa langu, wala si la Bakiri. Alipita mara ya kwanza nikamwambia bado sijaandika, akaondoka mikono mitupu.

Nimeitazama. Nilimwomba Octavian anitafutie, akaiegemeza simu yake kwenye chupa ya chai pale mezani, akatoka, maana nilimwomba atoke. Leonida, mimi siku hizi sisikii kitu. Huo upepo unaousema sikuusikia. Farasi wanapita bila kwato. Lakini mkubwa alipotokea getini na kikombe chake, nilimsikia Baba. Sauti yake ile ile ya kanisani, na kile kikohozi chake kabla ya neno kubwa. "Ingia, ndugu yangu." Nimeirudia mara nyingi, na kila mara namsikia. Wewe mwenye masikio umesikia upepo. Sijui nani kati yetu ameitazama sawasawa.

Kisha nikatazama midomo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu sasa. Midomo ya yule mkubwa haikufunguka, hilo umesema kweli. Lakini basi na kumfukuza hakumfukuza. Mdogo ndiye aliyegeuza farasi. Hakungoja hata kahawa ipoe. Angengoja kidogo.

Umeandika habari ya mikono yangu miwili. Sasa na mimi nitaandika, maana umenichokoza. Hukuandika kilichokuwa mkononi mwangu kabla sijalishika geti. Nilitoka ndani na kikapu cha akamwani, kile kidogo cha Mama chenye mfuniko uliochongoka. Nikakiweka juu ya nguzo ya geti, upande wako. Wazee walikuwa nyuma yangu wananitazama shingo, na Baba alikuwa na siku tatu tu kaburini. Mdomo wangu haukuweza kufunguka, Leonida. Nilidhani wewe, kati ya watu wote waliozaliwa chini ya jua, huhitaji kuambiwa kahawa juu ya nguzo maana yake nini. Tulikaa mkeka mmoja! Ukakitazama kikapu, ukanitazama mimi, ukageuka. Na geti nililishika kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Kikapu nilikiacha pale mpaka jioni. Kuku wakakipindua.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku hiyo, na nilikuwa na hasira na wewe kuliko ulivyokuwa nayo na mimi. Sasa nimelisema.

Kaka yako,
Nicodemus


Turffontein
28 Septemba 2025

Kaka yangu,

Salamu kwenu nyote. Hapa mijakaranda inaanza kufungua maua. Chloé amefaulu mtihani wa muhula na ameniandikia kadi ya Kiswahili, makosa matupu lakini ya Kiswahili. Suzan amechukua likizo, anasema kwa ajili ya kupumzika, lakini namwona anavyonichungulia mlangoni ninapolala.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya mto. Sikuweza kuirudia mpaka wiki ya pili. Kikapu nakikumbuka. Cha Mama, mfuniko uliochongoka, ndiyo. Nilikiona. Nilidhani ulikuwa ukiwagawia wazee kahawa, ukanisikia getini, ukakiweka pale upate mikono ya kufungia geti. Ndivyo nilivyoona, na ndivyo nilivyoondoka nayo. Miaka yote hii nimekuwa mzee wa Texas.

Nitakuwa mkweli kama ulivyokuwa. Sijui kama unaniambia ulichokusudia siku ile, au unaniambia unachotamani ungekikusudia, sasa kwa kuwa umeitazama tena sinema. Binadamu hukumbuka anachokihitaji. Na wala sijui kama mimi nilikiona kikapu vile kilivyowekwa, au nilikiona kwa macho ya mtu aliyekwisha kufukuzwa kabla hajafika. Hakuna mkanda wa siku ile, kaka. Hatuwezi kuurudisha nyuma tukatazama.

Nimefanya jambo utacheka. Nilimwambia Suzan anisaidie, nikaandika maoni yangu chini ya ule mchezo, pamoja na ya wale wengine. Nikasema kwamba mimi ni bibi wa Kihaya, nimeitazama nikiwa mtoto kijijini kwetu, mkanda ukikatika penye nguzo, na baba yangu alikuwa akimsemea yule mkubwa maneno haya. Nikayaandika. Nikasema kwetu kahawa haiwekwi mbele ya mtu anayefukuzwa. Suzan akayatia Kiingereza. Nikadhani watanicheka. Yule mama wa "karibisho" akanijibu, akasema ameitazama tangu akiwa binti na sasa ni mjane, na hatawahi tena kuitazama bila kumsikia baba yangu. Hata yule wa Texas akaandika. Amesema hakubaliani na mimi hata kidogo, lakini natamani, anasema, mzee huyo angekuwepo nyumbani kwetu mwaka tuliozika. Basi, hakueleza zaidi. Nikalia, nikamwandikia pole. Suzan akaniuliza nalia nini kwa mtu nisiyemjua.

Lakini kaka, hata kama ni kweli ulichoniandikia, na nataka iwe kweli kuliko ninavyoweza kukwambia, bado nakuuliza: kwa nini yule mkubwa asiseme neno moja? Moja tu. Mtu aliyetoka mbali, mwenye hofu, hawezi kusoma nguzo. Baba mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alimwekea maneno mdomoni.

Daktari amenikataza ngazi na mizigo. Nakuomba usinijibu kwa mzunguko tena. Sina nafasi ya mizunguko.

Wako,
Leonida


Kamachumu
23 Novemba 2025

Mdogo wangu Leonida,

Tumsifu Yesu Kristo. Senene wameanguka kwa wingi safari hii. Watu wamekesha na taa, watoto wanatembea na vichupa shingoni. Mama Octavian amekukaangia, amewafunga vizuri, utawapata kwa Bakiri pamoja na barua hii. Octavian ameambiwa na Suzan jambo ambalo wewe hukuliandika. Akaja akaniandikia kwenye karatasi, nikaisoma, nikaitia motoni. Nami sitaliandika.

Nimewaita wazee. Walioyasikia maneno ya Baba kwa masikio yao wamebaki wawili, Ta Duni na Ta Jumbe, wengine ni watoto wao. Walikuja wakakaa, nikawapa rubisi wanywe, nikawaambia ombi lako lote, la kurudi na la kulala upande wa Mama. Ta Duni akasimama. Namjua, midomo yake naisoma vizuri, haina aibu. Akasema marehemu alitoa kauli, na kauli ya marehemu haina rufani. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

 Basi nikawasimulia Sinema ya Geti. Nilisimama kando ya ukuta kwa fimbo ya Baba, ile ile, nikasimulia mwanzo mpaka mwisho, mtu mzima na mvi zangu, nisiyesikia hata sauti yangu ilivyotoka. Wale wa rika letu walikumbuka, nikawaona wanatabasamu. Nilipofika penye kikombe nikanyamaza. Na midomo yao wote, Leonida, nikaiona inasema yale maneno. Wote kwa pamoja. Hata Ta Duni.

Kisha nikawaambia mwisho wa kweli, ule wa Marekani. Wakabishana kama hao watu wako wa mtandaoni. Mmoja akataka kujua ndani ya kikombe kulikuwa na nini hasa. Mwingine akasema mkosa ni mdogo, ungewezaje kurudi kwenu juu ya farasi, ungeshuka kwanza.  Mwishowe Ta Jumbe akaomba karatasi, maana alitaka nipate neno lake kamili, akaniandikia. Nakunakilia kama lilivyo:

"Marehemu alisema yote mawili. Geti lifungwe alisema mara moja, siku ya hasira. Ingia ndugu yangu alisema kila mwaka, mbele ya kanisa zima, wala hakuna aliyemwuliza. Mimi nashika la pili."

Nikalisoma mbele yao.  Ta Duni akanyoosha mkono akaomba kahawa ya kutafuna, na kikao kikaisha.

Upande wa Mama nimepasafisha jana. Migomba ya pale haikuguswa na mnyauko.

Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Ndani ya bahasha nimeweka kitu, kimefungwa kwa jani la mgomba. Ni ya shambani kwa Baba, nimeichemsha na kuikausha mwenyewe.

Nicodemus


Turffontein
14 Desemba 2025

Kaka Nicodemus,

Nakuamkia wewe na nyumba yako yote. Senene wamefika wazima, Chloé amekimbia, Suzan amekula nusu amesimama. Mpe Ta Jumbe salamu zangu, mwambie nitampigia magoti nikiweza kuinuka tena.

Kahawa imefika. Neno halijafika, lakini sikudai tena. Nimeitafuna moja pale pale mlangoni, Bakiri akinitazama. Chungu ile ile. Niliketi kwenye ngazi ya nje nikaitafuna mpaka ikaisha, na sikulia, nilikuwa na njaa tu ya kitu nisichokijua jina.

Suzan ameninunulia tiketi. Tunatua Bukoba tarehe tatu Januari, yeye na Chloé wananisindikiza, na Octavian amesema ataleta gari. Uliyoyasoma kwenye karatasi uliyoichoma ni kweli. Moyo wangu umetanuka, na daktari hakufurahia safari hii, lakini hakukataa. Nitafika nimechoka, usishtuke ukiniona nilivyopungua.

Gari nitaliacha barabarani. Pale mpaka getini nataka kutembea mwenyewe, polepole. Wewe husikii na husemi, basi nitasema mimi. Tazama midomo yangu. Nitayasema maneno ya Baba yote, yako na yangu, na wewe itikia kwa kichwa tu, itatosha.

Kikapu cha Mama kiweke juu ya nguzo kama siku ile, upande wangu. Ila geti usilishike safari hii. Nishike mimi.

Leonida